Mama Kau, Samaki Wako Analia Nyumba ya Pili

"Huyo samaki umemkaanga na nini?"

"Na mafuta, shangazi. Kwani kwenu mnakaanga na maji?"

"Usinichezee akili, mwanamke wewe. Nimekuuliza kistaarabu."

"Na mimi nimekujibu kistaarabu. Harufu haijui ukuta. Imekuja kwenu yenyewe, sikuituma."

"Sisemi harufu, nasema mlio! Mlio huo naujua. Nimeusikia miaka nenda miaka rudi kwenye meza ya wifi yangu. Sasa unatokaje jikoni kwako, na mwenyewe tumeshamzika?"

Mama, hivyo ndivyo Jumamosi iliyopita ilivyotuamkia. Wifi yako kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidevu kakitundika ukutani. Ng'ambo ya pili jirani yako Fundi, yule mshonaji wa nguo, tepu shingoni na kijiko cha matundu mkononi, kaduwaa kama mtu aliyekamatwa na ushahidi. Mwaka umetimia sasa tangu ututoke, na nyumba yako bado inagombania samaki wako.

Tumeona tukusimulie kwa sauti, na wapita njia wasikie. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema habari isiyosikiwa na jirani bado haijawa habari.

Jina la Mama Kau ulipewa na mtaa, wala hukulikataa. Lilitokana na mlio wa samaki wako anapokatika: kau! Ngozi inavunjika kama kigae, halafu nyama ya ndani inatoka nyeupe, na mvuke wake. Wageni walikuwa wakikoma kuzungumza wausikilize kwanza. Shangazi alikuwa akifumba macho na kusema, "Mkono wa wifi yangu huu, nautambua hata gizani."

Kazi yako ilikuwa pasi. Ulizinyoosha nguo za watu katika chumba cha nyuma cha dobi, mahali penye mvuke hata kuta zinatoka jasho, ukarudi nyumbani umechoka lakini unataka kelele. Nyumba tulivu ulikuwa ukiiita nyumba yenye mgonjwa. Jumamosi walikuja wote: kaka na mkewe na watoto wao, Shangazi na mkoba wake usiofunguliwa mbele za watu, na wateja wa saluni yangu mimi binti yako, ambao wengine walifika na rola kichwani kwa sababu nimewaambia, "Twendeni tukale kwanza, nywele hazikimbii." Hukuuliza huyu ni nani. Ulisogeza sahani.

Lakini tusifiche, Mama. Ulikuwa mtu wa shaka. Mwenye duka la samaki alikuwa akikuona kwa mbali anaanza kujisafisha koo kama shahidi.

"Huyu kavuliwa lini?"

"Leo alfajiri, Mama Kau."

"Alfajiri ya nani? Mbona jicho lake linanikwepa?"

"Mama, huyo keshakufa. Akukwepe vipi?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi yeye."

Ukamfunua mashavu kutazama wekundu, ukambonyeza tumbo kuona kama kidole kitaacha shimo, ukamnusa, ukamnusa na muuzaji. Ndipo ukachukua. Na njiani ulikuwa ukigeuka mara mbili tatu kuangalia mfuko, kana kwamba samaki angeweza kubadilishwa huku umemshika.

Sisi wanao tulirithi shaka hiyo yote, na kumbe samaki hatukumrithi.

Maana jikoni hukutuingiza. Mafuta yakianza kupata moto, ulikuwa ukitufukuza kama kuku. "Tokeni! Jikoni hapana mkutano." Feni ya chumbani kwenu inabebwa na Baba inaingia jikoni, mlango unafungwa, kitasa kinalia. Tunabaki sebuleni tunamezea mate mbao za mlango. Kaka, dereva wa lori ambaye huko barabarani haogopi hata giza, alikuwa akibisha kama mtoto, "Mama, niingie ninywe maji tu." Nawe ulikuwa ukijibu, "Maji yako bafuni."

Mtu akifungiwa mlango kila wiki, lazima aunde hadithi. Shangazi aliapa unatia unga wa mchele. Kaka alisema hapana, ni yai, na ameona ganda. Mke wake alinong'ona kwamba kuna kitu kwenye kile kikopo cha bati juu ya kabati, na kwamba hakikuwa kitu cha kusemwa mbele ya watoto. Mimi niliamini zaidi kikaango chako, kile cha chuma kizito, mpini umefungwa waya wa shaba kwa sababu mbao zake ziliungua zamani. Niliamini kimekula mafuta mengi hata kikapata akili.

Ulipolala usiamke, tulilia kwanza. Tuliseme hilo, watu wasidhani. Tulilia hadi mtaa wa tatu wakasikia. Ila machozi yalipokauka na wageni wakapungua, wanawake wa nyumba tuliingia jikoni kusafisha, na kila mmoja kwa wakati wake alijikuta ananyoosha mkono kuelekea kile kikopo. Kilikuwa na chumvi ya mawe. Chumvi tu. Shangazi aliilamba mara mbili kuhakikisha.

Na kikaango hakikuwepo.

Mama, tulipekua. Chini ya vitanda, nyuma ya madebe, ndani ya tanuri bovu. Penye wengi pana mengi, na siku ile nyumba yako ilijaa wengi. Shangazi alinitazama mimi. Mimi nikamtazama mke wa kaka. Mke wa kaka akautazama mkoba wa Shangazi, ule usiofunguliwa, na akautazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Baba alikaa kwenye kiti chake akichezea kamba ya kiatu. Hakuna aliyesema "mwizi". Shangazi alisema tu, kwa sauti ya kuufikia uchochoro, "Kuna mkono mrefu umeingia humu jikoni, na Mungu anauona."

Toka siku ile tukawa tunakula pamoja huku tunachungana.

Tulijaribu kukaanga, usidhani tulikaa tu. Jaribio la Shangazi, na unga wake wa mchele, lilitoa samaki aliyevaa koti; ukilivua koti, ndani mbichi. Samaki wa kaka na mayai yake tulimpa paka, akamzunguka, akaenda zake. Langu mimi ndilo la aibu zaidi. Nilimwosha samaki vizuri, nikamtoa bombani nikamtumbukiza anachuruzika, mafuta yakaruka hadi dirishani. Nikamgeuza, ngozi ikabaki chini. Nikamgeuza tena, ikabaki na upande wa pili. Nilipoona hali si hali nikamfunikia sinia, asituaibishe mbele ya nzi, na tulipofunua tukakuta mchuzi ambao hakuna aliyeuagiza. Watoto walikula wali mtupu. Baba alitafuna kila kitu, halafu akasema, "Mama yenu alikuwa anafanya vingine." Tukamuuliza vipi. Akasema, "Vingine."

Wateja wangu wakaacha kuja Jumamosi. Kaka akaanza kupata safari za Jumamosi. Nyumba ikaanza kuwa ile uliyokuwa ukiiita ya mgonjwa, Mama, na hilo ndilo lililotuuma kuliko samaki. Tulianza kuogopa kwamba tulikuwa tukikusanywa na kikaango, na sasa kikaango hakipo.

Halafu tukaanza kumsikia samaki wako nyumba ya pili.

Mara ya kwanza nilidhani ni masikio. Mara ya pili Shangazi alisimamisha kijiko hewani. Kau! Kutoka kwa Fundi, mwanamke ambaye tangu mwanzo alijulikana mtaa mzima kwa kuunguza hata chai. Tukaunganisha moja na moja. Fundi alikuwa akiingia kwetu bila hodi, mlango wa nyuma, miguu peku, kama nyumba yake. Tangu mazishi hakukanyaga. Ukikutana naye njiani anainamia sindano isiyokuwepo. Shangazi akasema, "Asiyekuwa na lake hakwepi." Akasema tena, "Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu ndiye mshona nguo." Alifurahia maneno hayo siku nzima.

Ndiyo ikawa ile asubuhi ya ndoo na ukuta. Kesho yake ilikuwa siku yako ya kumbukumbu, tumewaalika watu, na mezani hatuna la kuweka isipokuwa picha yako. Fundi alipoona Shangazi hashuki kwenye ndoo, akafunga dirisha. Shangazi akanigeukia. "Nenda wewe. Wewe una mdomo wa asali. Ukaone kwa macho."

Nikachukua sketi yangu, nikaing'oa zipu kwa mikono yangu mwenyewe, nikaenda kubisha.

"Hodi hodi, Fundi. Zipu imeniaibisha."

"Karibu, dada." Akaishika sketi, akaigeuza, akaitazama zipu, akanitazama mimi. "Hii haikukatika. Hii imeng'olewa."

"Basi nimenenepa."

"Haya."

Alipoinama kutafuta uzi, nikanyoosha shingo. Unanijua. Kati ya cherehani na jikoni kwake kuna pazia la vipande vipande, mabaki ya nguo za watu, na ndani yake upepo ulikuwa unavuma, pazia linapanda linashuka. Lilipopanda nikaona jiko. Na juu ya jiko, Mama, nikaona waya wa shaba.

Nilisahau zipu. Nilisahau mdomo wa asali. "Fundi! Kikaango cha mama yangu kinafanya nini humo?"

Hakushtuka. Alikaa taratibu kwenye kigoda cha cherehani, kama mtu aliyekuwa akisubiri basi na sasa limefika. "Nilijua ipo siku. Nilidhani atakuja shangazi yako na polisi."

"Bado anaweza."

"Nilikuja kukirudisha, dada. Siku ile mliyokuwa mnasafisha. Nilikifunga kwenye kanga nikaja hadi mlango wa nyuma. Nikiwa nataka kubisha, nikasikia shangazi yako anasema kuna mkono mrefu umeingia jikoni. Sasa mimi nimesimama mlangoni, kikaango kwapani. Ungekuwa wewe ungeingia?"

Ningeingia? Mama, kwa maneno yale ya Shangazi, hata mwenye kikaango asingeingia.

"Kilifikaje kwako?"

"Alinipa."

"Mama yangu? Yule aliyekuwa anamficha chumvi mume wake?"

"Huyo huyo. Mkono ulikuwa umemfa ganzi, dada. Wa kulia, wa pasi. Ulianza vidoleni ukapanda. Siku moja alishindwa kuinua kikaango, mafuta yakamwagika, akaniita kupitia dirisha. Nikaja nikapanguza. Tangu hapo nikawa nakuja Jumamosi kwa mlango wa nyuma, nyie mko sebuleni mnabisha. Yeye anakaa, mimi nakaanga."

Nilicheka, cheko la kumdharau. "Muongo. Samaki tuliokula siku zile walikuwa wa Mama. Kaka aliporudi safari ndefu akala hadi akalamba sahani."

"Wale nilikaanga mimi."

"Shangazi alifumba macho akasema ni mkono wa wifi yake!"

"Nilimsikia. Nilikuwa nyuma ya mlango na mama yako. Alicheka hadi akauma leso."

Sasa nilitaka kumnasa. Nikamwambia, "Kama kweli ulikuwa unaingia na mlango umefungwa, niambie Mama alikuwa anakaa wapi."

Hakufikiri. "Kwenye kile kigoda kifupi, kona ya nyuma ya mlango. Alikuwa haliwezi tena joto la jikoni, akiegemeza kichwa ukutani. Mafuta ya nywele zake yalikuwa yameacha alama pale, kama mviringo. Ukiangalia utaiona."

Sitaiona, Mama. Niliisugua kwa sabuni na majivu siku ile tuliyosafisha. Niliiona nikashangaa nani kaegemea chini kiasi hicho, nikadhani mtoto. Nikasugua hadi ukuta ukawa mweupe.

Nilikaa chini kwenye kifurushi cha nguo za watu, na Fundi akaniacha nikae.

"Kwa nini hakutuambia?"

"Alisema wakijua, watanikalisha sebuleni kama mgeni kwangu mwenyewe. Huyu ataleta mto, yule ataleta dawa, na Jumamosi itakwisha. Akaniapisha. Halafu juma lile kabla hajalazwa akanipa kikaango, akaniambia nikafanye mazoezi, mkono wangu una haraka. Ndiyo nafanya hadi leo. Sijui kuacha."

Hapo ningelia, lakini nimezaliwa na wewe. Nikafuta pua nikasema, "Kaanga nione."

Akasimama akavuta pazia. Feni yake ilikuwa sakafuni imeelekezwa juu ya kiti, na kitini, juu ya wavu wa waya, samaki wamelala wamechanjwa ubavuni, wanapigwa upepo kama wenye nyumba. "Gusa," akasema. Nikagusa. Ngozi kavu kama karatasi. Hakuna unga. Hakuna yai. Alikuwa amewatia chumvi ya mawe na ndimu, akawafuta kwa kitambaa ndani na nje, mpaka kwenye mashavu, akawaacha kwa feni.

"Ni hivi tu?"

"Mama yako alisema nguo yenye maji haikubali pasi, na samaki mwenye maji hakubali mafuta. Mafuta yanatumika kupigana na maji badala ya kupika. Wewe ulikuwa unatafuta kitu cha kutia, dada. Yeye alikuwa anatoa."

Akachomeka ncha ya mwiko wa mti kwenye mafuta, mapovu yakaukimbilia. Akalaza samaki wawili, kichwa kwanza, mkia ukielekea mbali naye. Kikaango kilikuwa na nafasi ya mwingine. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, wakibanana wanatoleana jasho. Mafuta yalipiga kelele kama soko.

Nikanyoosha mkono nichukue mwiko.

Akanipiga kofi la vidole. "Ndiyo maana mlikuwa mnafungiwa."

"Nini?"

"Mama yako alisema wanawe wana mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Huyu atamsukuma samaki, yule atauliza kaiva, mwingine atafunika. Alisema samaki hapikiki kwenye mkutano. Nyamaza umsikilize."

Mama, umeniachia kazi ngumu nyingi, ila hiyo ya kunyamaza ndiyo ya kwanza kwa ugumu. Niliuma ulimi. Kelele za soko zikaendelea, kisha zikaanza kupungua kidogo kidogo, kama watu wanaofunga maduka, hadi ukabaki mnong'ono. "Maji yamekwisha," Fundi akasema. Akamsukuma samaki kwa ncha ya kijiko, na samaki akateleza mwenyewe bila kung'ang'ania. Hakuacha hata gamba. Akamgeuza mara moja tu. Alipoiva hakumfunika, hakumlaza kwenye karatasi. Alimrudisha juu ya wavu apumue chini na juu.

Akamvunja mkia. Kau.

Nilikula nikiwa nimesimama. Na hata nikila, Mama, nilikuwa naangalia mikono yake kama atatia kitu mwishoni. Hakutia. Nikawaza, au alitia nilipopepesa macho? Mimi ni mwanao.

Nilirudi nyumbani mbio. Nilimkuta Baba kwenye kiti chake na Shangazi bado karibu na ndoo. Nikasimulia yote kwa pumzi moja. Nilitegemea Baba aruke. Baba akaendelea kufunga kamba ya kiatu.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ulijua?"

"Sasa mlidhani feni nilikuwa nambebea nani? Mama yenu mkono hauwezi, mlango wa nyuma lazima mtu aufungue, wa sebuleni lazima mtu aufunge."

"Mwaka mzima tunachungana humu ndani, umenyamaza!"

"Niliapishwa pamoja na Fundi. Na sikujua kwamba kikaango kiko kwake, hilo hakuniambia. Mama yenu hakuwa anamwambia mtu mmoja mambo yote." Akafikiri kidogo. "Mimi nilidhani kakichukua dada yangu."

Shangazi alikaa kwenye ile ndoo. Tulimwona anahesabu Jumamosi kichwani, zile zote alizofumba macho. Uso ukapata moto. "Kwa hiyo mkono niliousifia..."

"Ni wa Fundi," kaka akadakia. Alikuwa ameingia na funguo za lori, na hakuwa na huruma. "Hata gizani unautambua, si ndiyo, Shangazi?"

"Nyamaza wewe, ulilamba sahani."

Tukacheka, Mama. Baba naye. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba hiyo kupiga kelele tangu uondoke, na ndani ya kelele hiyo mke wa kaka, aliyeingia naye, akasema kwa upole kwamba labda sasa mkoba wa Shangazi unaweza kupumzishwa. Tukacheka tena.

Ila Shangazi hakukubali kirahisi. Alisema huenda Fundi ametunga. Alisema huenda alama ya ukutani ni ya mtoto. Alisema huenda alikuroga ukampa. Tulimwachia aseme, kila shaka inahitaji muda wake wa kuisha, kama maji ya samaki. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hatuijui kwake, "Wifi yangu aliogopa kuniambia mkono unamuuma? Mimi?" Baba akamshika bega.

Jumapili, siku yako, tulimwomba Fundi aje akaange kwetu. Alikuja kwa mlango wa nyuma, kikaango mkononi, hadharani, bila kukificha kwenye kanga. Feni alibeba Baba. Tulimfungia mlango wenyewe na kukaa sebuleni, na hakuna aliyebisha. Nyumba ilijaa, Mama. Wateja wangu walirudi, mmoja na rola kichwani. Mwenye duka la samaki alikuja akaketi karibu na mlango, na alipowekewa sahani akamtazama samaki machoni kwanza. Tukamwuliza vipi. Akasema, "Nahakikisha kama ni wangu."

Tunakukumbuka, Mama Kau: mume wako, mbeba feni, binti yako mkubwa, msusi, mwanao dereva na mke wake, wajukuu wako wanaokula mkia kwanza, wifi yako, waliokuwa wenzako kwenye pasi, na jirani yako Fundi, aliyekuwa mkono wako, wa kwako ulipoishiwa nguvu. Hatutakuacha uwe picha ya ukutani. Kila Jumamosi mafuta yakianza kunong'ona, tutanyamaza, na kunyamaza kwetu, wewe unajua, ni mapenzi makubwa.

La mwisho, maana tunajua ungeuliza. Fundi alipomaliza kukaanga hakutoka kuja kula. Alifungua mlango wa jikoni, akaweka sinia mezani bila kulifunika, akarudi nyuma hatua, mikono kwenye aproni. Alisema ana gauni la mtu halijakwisha. Watu wote tukamtazama Shangazi, kwa sababu neno lililomzuia mlangoni lilikuwa la Shangazi, na hakuna mwingine ambaye angeweza kulitoa.

Shangazi hakuomba radhi. Unamjua. Alitafuna kwanza. Akafumba macho, akayafumbua upesi. Halafu akausogeza mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni yake, akauweka chini sakafuni, mbele za watu.

"Gauni la mtu halina njaa," akasema. "Njoo ukae hapa ule. Hapa, karibu yangu, niione mikono yako."